Goti la Asubuhi

Kila siku kabla ya honi ya kiwanda, Selina Birtwell alimfunga mumewe goti.

Mzee Clegg akishapita barabarani na fimbo yake ndefu, akigonga madirisha ya juu kuamsha wafumaji, mtaa mzima ulianza kukohoa na kuburuta viatu vya mbao. Hapo Selina alishuka jikoni, akachochea makaa, akabandika birika, kisha akavuta pazia. Enoch alimfuata nyuma, ngazi moja baada ya nyingine, akitanguliza mguu wa kulia kama mtoto anayejifunza kutembea. Alikaa karibu na moto, akapandisha nguo yake ya kulalia, na mguu wa kushoto ukajitokeza: mweupe, umekakamaa kwa misuli, na katikati yake goti lililovimba kama andazi.

Selina alilichua kwa dawa ya farasi mpaka machozi yakawatoka wote wawili kwa ukali wa harufu. Kisha alilizungushia kitambaa cha flana, taratibu, bila kukibana wala kukilegeza.

"Afadhali?"

"Afadhali."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yao ya asubuhi, na yaliwatosha.

Basi Jumanne moja ya Februari, mwaka 1911, ncha ya flana ikiwa ndiyo kwanza imeshikizwa chini ya paja, mlango ukagongwa. Ulikuwa mlango wa uani, ule ambao pale Ramsclough, mji wa viwanda vya pamba kaskazini mwa Uingereza, hupitwa na watu wa nyumbani tu. Kabla Selina hajainuka, kitasa kilizunguka, na Bwana Haslam, mwalimu wa mazoezi wa klabu ya mpira, akaingia pamoja na baridi yote ya nje.

"Usinyanyuke, Birtwell," alisema. "Nimekuja kuliona likiwa hivyo hivyo. Goti la mchana linaweza kumdanganya mtu. La asubuhi haliwezi."

Enoch alishusha nguo haraka, kama msichana aliyechunguliwa bafuni. Haslam alipiga goti lake mwenyewe kwenye mkeka, akaipandisha tena, akaifungua flana, akalibonyeza goti kwa kidole gumba. Shimo la kidole likabaki pale pale kwenye nyama.

"Simama. Chuchumaa."

Enoch alisimama. Alianza kuchuchumaa, akafika nusu ya safari, kisha mkono ukaruka wenyewe kudaka ubao wa juu ya meko. Sahani ya kaure iliyokuwa pale ilitikisika.

"Tangu lini?" aliuliza Haslam.

"Limeteguka kidogo tu, mwalimu. Mechi ya Jumamosi."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Krismasi."

Selina alitazama chini. Haikuwa Krismasi hiyo, ilikuwa ile ya nyuma yake.

"Mechi ya Kombe huchezi," alisema Haslam akijipangusa majivu magotini. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililoumiza zaidi. "Leo nitawaambia wakurugenzi. Tumeshafika robo fainali, kijana wangu, na timu ya London wanakuja hapa na miguu ishirini na miwili mizima. Ukivunjika dakika ya kumi, sisi tunabaki kumi. Hakuna wa kuingia badala yako, unajua."

"Najua."

"Basi unajua."

"Mwalimu." Sauti ya Enoch ilikuwa kavu. "Nani kakwambia? Mpaka saa kakwambia."

Haslam alichukua muda kuvaa kofia. "Mtu anayekutakia mema," alisema. Kisha akamgeukia Selina, akaigusa kofia kwa kidole. "Samahani kwa usumbufu, Bi Birtwell." Akaondoka.

Enoch alikitazama kile kidole kikigusa kofia. Selina alimwona akikitazama, na hata hivyo hakuelewa bado. Aliokota flana, akapiga magoti kama kawaida.

"Ada Haslam," Enoch alisema juu ya kichwa chake, "anafuma kwenye mitambo inayotazamana na yako, sivyo?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

Enoch alimnyang'anya kitambaa, akajifunga mwenyewe, vibaya, akapanda ghorofani mguu mmoja mmoja. Honi ya kiwanda ikalia. Selina alibaki na harufu ya dawa ya farasi mikononi.

Ilimchukua nusu ya njia ya kwenda kiwandani kuelewa alichoulizwa.

*

Katika banda la kufumia la Ramsclough hakuna anayezungumza kwa sauti. Mitambo mia kadhaa inapiga kelele kwa pamoja, na ukipiga ukelele sikioni mwa jirani yako hatasikia kitu. Kwa hiyo wafumaji huzungumza kwa midomo. Huichezesha sana, wakilivuta kila neno kama mpira wa kufungia, na mwenzao aliye upande wa pili wa banda husoma kama anayesoma gazeti. Ndoa huvunjwa pale na wachumba hupatikana pale, na mtu akitoa siri mwanzo wa safu, mwisho wa safu huwa wameshaisikia kabla hajafunga mdomo. Ndiyo maana watu wa mji ule wana msemo wao, kwamba mke mfumaji mwambie unachotaka kitangazwe.

Enoch alikuwa amejumlisha mawili na mawili. Jumapili iliyotangulia, Selina alikuwa amemsihi amwambie Haslam ukweli. Hata alilia. "Utakuja kushindwa kupanda ngazi hizi ukiwa na miaka arobaini," alimwambia. "Mimi sikuolewa na Kombe." Naye alimbusu kwenye paji la uso akasema, mechi hii moja tu, Selina. Jumanne Haslam akaja. Binti yake Haslam anatazamana na Selina kutwa nzima. Hesabu ikawa imekamilika, na mtu mwingine hakutafutwa.

Lakini mtu mwingine aliyejua alikuwepo. Alikuwa Amos Kershaw.

Kule mjini usingelitaja jina la Enoch bila la Amos. Walikuwa upande wa kushoto wa timu ya Ramsclough, winga na mwenzake wa ndani, misimu kumi. Enoch alitolewa kiwandani akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, mfagiaji wa pamba iliyoanguka chini ya mashine, na tangu Jumamosi ya kwanza watu walisema kijana huyu anaweza kumzunguka beki juu ya kitambaa cha meza asimwage chai. Siku moja alichukuliwa mpaka kwenye mechi ya majaribio ya timu ya taifa. Alirudi na mafua, na hawakumwita tena. Medali hakuwa nayo hata moja. Sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kwa mara ya kwanza tangu mji ule ujengwe, Ramsclough ilikuwa imefika wanane bora wa Kombe.

Goti liliwezekana kufichwa kwa sababu ya namna walivyofundishwa. Katikati ya wiki wachezaji hawakuuona mpira. Ndivyo ilivyoaminiwa, kwamba mchezaji awe na njaa ya mpira mpaka Jumamosi, ndipo aule. Walitembea vilimani, wakaruka kamba, wakakimbia kidogo kwenye njia ya majivu, wakaingia maji ya moto. Saa nne, goti likishachuliwa na kutembezwa, mtu aliweza kufanya yote hayo bila kuchechemea. Na Jumamosi, Amos alikuwepo. Amos alimtengea mpira mbele ya mguu, pale pale, asilazimike kugeuka. Beki akija kwa fujo, Amos alijitia katikati. Watu walishangilia wakidhani ni ufundi. Ulikuwa ufundi kweli, lakini pia ilikuwa huruma.

Kwa hiyo Amos alijua. Alijua mpaka saa ya flana, kwani Enoch alikuwa akimchekesha nayo. "Mimi naamka kabla ya jogoo," alikuwa akimwambia, "mke wangu ananivisha kama bibi harusi."

Selina alilikumbuka hilo akiwa kazini, na akalifukuza kichwani. Aliona aibu kumwazia hivyo mtu aliyesimama upande wa mumewe kanisani siku ya ndoa yao.

Jioni ile alisubiri Enoch amalize kula. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na maneno makubwa yalimtisha.

"Enoch," alisema. "Mimi sikumwambia mtu."

"Sijasema umemwambia mtu," alijibu Enoch, akakunja gazeti.

Akachukua mto na blanketi, akahamia kwenye kochi la chumba cha mbele. Ngazi zinamuumiza goti, alisema.

*

Karibu wiki mbili zilikuwa zimebaki kabla ya mechi, na ndani ya siku mbili tu mji mzima ulijua kwamba Birtwell hachezi, na kwa nini hachezi, na kwa sababu ya mdomo wa nani.

Kiwandani walimwadhibu kwa namna yao. Hawakumtukana. Walimgeuzia visogo. Katika banda lile ukigeuziwa kisogo umezibwa masikio, huna unachosikia kutwa nzima isipokuwa chuma. Akisogea bombani kuchukua maji ya chai, midomo ilifungwa. Phoebe Sagar peke yake, mfumaji mnene ambaye kaka yake aliuza bia uwanjani, ndiye aliyemgeukia, na alipomgeukia alifanya hivyo ili asomwe vizuri.

"Waandikie London, bi mkubwa," alisema kwa midomo, akiivuta. "Waambie wakupe medali. Umewafungia bao kabla hawajapanda treni!"

Safu nzima ilitikisika mabega kwa kicheko kisicho na sauti.

Ada Haslam alikuwa msichana mwembamba mwenye madoadoa usoni. Wakati wa chai alimkamata Selina mkono, akamvutia kwenye kona.

"Hukuniambia kitu," alisema. "Mimi najua hukuniambia kitu. Nimewaambia mpaka nimechoka. Wananijibu, 'Utasema nini tena, na wewe umo!'"

"Baba yako aliambiwa na nani?"

"Baba? Dada, baba akilala huwa anafunga na macho kwa kufuli. Nilimuuliza, akaniambia nile uji wangu."

Selina alirudi kwenye mitambo yake. Alifunga uzi uliokatika, akafunga na mwingine. Machozi hayakumsumbua mpaka jioni alipokuwa akiosha flana ambayo hakuna aliyeihitaji tena, kwa sababu Enoch alikuwa amenunua nyingine.

Amos alikuja Alhamisi, na Jumatatu, na Alhamisi tena. Alileta machungwa. Alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye masikio yaliyochomoza, na nyumba ile aliizoea kiasi cha kujua kijiko kipi kimepinda. Lakini siku hizo alikaa ukingoni mwa kiti na kofia mapajani, kama anayesubiri daktari.

"Hujambo, shemeji?"

"Sijambo. Karibu."

Hakumtazama. Selina aliona kwamba hamtazami, akadhani ni kwa sababu naye anamlaumu kama wengine.

Enoch, kwa upande wake, alichangamka Amos alipoingia, kama taa iliyoongezwa mafuta. Maneno yote aliyomnyima mkewe wiki nzima aliyamwaga hapo. Nani atacheza? Yule Percy Lomax? Kijana ana mbio, lakini hana breki, atatoka na mpira mpaka kwenye duka la nyama. Amos acheke. Enoch acheke. Kisha Enoch ayatazame makaa.

"Misimu kumi, Amos," alisema mara moja. "Umenilinda na mabeki wa kaunti zote. Kumbe wa kunikata miguu nalala naye. Mwanamke akikaa sana kiwandani, mdomo wake unakuwa mali ya watu."

Selina alikuwa amesimama pale pale, na birika mkononi. Alimtazama Amos. Alingoja amwambie Enoch, acha maneno hayo, bwana. Mtu yeyote angeweza kulisema hilo, hata mgeni.

Amos alikoroga chai yake. Aliikoroga muda mrefu, ingawa siku zote hakutia sukari.

*

Siku ya mechi mji ulifungwa. Watu walikuja kutoka mabonde ya mbali na kengele na mikate mifukoni. Enoch alivaa suti ya Jumapili, kwani wakurugenzi walikuwa wamempa kiti jukwaani, kwa heshima. Alitoka bila kuaga. Selina alikwenda na Ada, wakasimama upande wa pili, kwenye mteremko wa majivu, mbele kabisa kwenye kamba, walikosukumwa na watu.

Kutoka pale alimwona mumewe ng'ambo ya uwanja, ameketi kati ya kofia ndefu mbili. Mikono aliiweka magotini. Wengine wote walikuwa wakipunga vitambaa.

Timu zilitoka, na kelele iliyoinuka ilikuwa kubwa kuliko ya kiwanda. Amos alikimbia hadi upande wao kujinyoosha. Bwana Haslam alimfuata na taulo begani. Wakasimama karibu na kamba, wakiwa wamewaelekea watu, na kelele ilikuwa kubwa mno hata wakafanya kile ambacho kila mtoto wa Ramsclough aliyenyonyeshwa na mfumaji hukifanya bila kufikiri. Waliacha sauti, wakatumia midomo.

"Umemwona kule juu?" alisema Amos. "Anakaa kama maiti."

"Tazama mchezo wako."

"Ningejua atakaa hivi, nisingekuja kwako kabisa."

"Ulifanya vema," alisema Haslam. "Sasa nyamaza, usiirudie tena habari hiyo."

Walikuwa wamezoea uwanja uliojaa wanaume. Hawakufikiria kwamba kwenye kamba wamesimama wafumaji wawili.

Kucha za Ada zilizama kwenye mkono wa Selina. "Umeona?" aliuliza kwa midomo. "Selina, umeona alichosema?"

Selina alitikisa kichwa kwamba ndiyo. Alikuwa amejitayarisha siku nyingi kumchukia mtu huyo pindi atakapojulikana, na sasa amejulikana, ana masikio yaliyochomoza na anajifunga kamba za viatu, na chuki haikuja. Kilichokuja ni kile kijiko kilichokuwa kikikoroga chai isiyo na sukari. Amos alikuwa ameketi pale, amesikia mwingine akichomwa kwa kosa lake yeye, akakoroga.

Mechi hakuiona. Alijua tu kwamba muda si mrefu kabla ya mwisho watu walimwangukia mgongoni wakipiga mayowe, na kwamba kijana Lomax alikuwa ametoka na mpira ukingoni, akaurudisha, Amos akaupiga kwa kichwa, ukaingia. Moja bila. Alipotazama jukwaani, Enoch alikuwa amesimama juu ya goti lake bovu, amerusha kofia yake mpya hewani, na uso wote ni machozi.

"Mwambie leo leo," alisema Ada walipokuwa wakisukumwa kuelekea langoni. "Mimi nitakuwa shahidi wako. Nitaapa mbele ya mchungaji."

"Hapana," alisema Selina. "Amos anakuja kunywa chai kesho. Nitampa nafasi aseme mwenyewe."

"Wewe una moyo wa siagi."

Labda. Lakini hiyo haikuwa sababu yake. Alitaka kumwona Enoch anavyopokea habari hiyo ikitoka kinywani mwa mwenyewe. Alitaka kuona uso wa mumewe unavyogeuka kutoka kwa Amos na kumtafuta yeye.

*

Jumapili alitandika kitambaa cheupe. Akaweka nyama baridi, vitunguu vya siki, pichi za mkebe kwenye bakuli la kioo, na keki ya tangawizi aliyoioka mwenyewe.

Wanaume walicheza mechi upya juu ya meza. Kidude cha chumvi kilikuwa Lomax. Vidonge vya sukari vilikuwa London.

"Kakuletea juu juu," alisema Enoch, "mimi ningekuletea chini."

"Wewe ungeniletea kwenye sahani, na maua pembeni."

"Hilo bao nusu yake langu, shetani wewe! Nilipiga kichwa pamoja na wewe kule jukwaani. Nimemvunja mkurugenzi miwani."

Walicheka. Enoch alimmiminia Amos chai, akajimiminia yeye, akalisukuma buli upande wa Selina bila kuinua macho.

Kisha akainuka kuchochea moto, akawapa mgongo. Amos alibaki akiitazama keki.

Selina alimgonga kidogo mguu chini ya meza. Alipoinua uso, akamwambia kwa midomo, polepole, kila neno likivutwa: *Mwambie.*

Rangi yote ilimtoka Amos.

*Nilikuwa kwenye kamba jana,* alisema Selina. *Nilikusoma wewe na Haslam. Mwambie wewe, au nitamwambia mimi.*

Makaa yalianguka. Amos aliweka kikombe chini, akakosa kisahani, akakiweka tena.

"Enoch," alisema. "Nilikuwa mimi."

"Ulikuwa wewe nini?"

"Niliyekwenda kwa Haslam. Kuhusu goti. Nilikwenda kwake Jumatatu ile jioni, nikamwambia na saa ya kuja." Maneno yalimtoka haraka sasa, kama mtu anayetapika. "Nilishindwa, bwana. Kila Jumamosi nakutengea mpira huku nasali. Nikasema, Kombe hili haliji mara mbili, goti likikuvunjika mbele ya London tumekwisha, wote kumi na moja. Na wewe ungekuwa kilema. Nikasema nitakuja kukwambia. Halafu ukasema ni shemeji, na mimi... sikusema."

Enoch alibaki amewapa mgongo, chuma cha kuchochea moto mkononi. Kwa kuwa Selina alikuwa na moyo wa siagi kweli, kwa dakika ile alimwogopea Amos, akatamani hata kumwombea.

Enoch akageuka. Uso ulikuwa mwekundu kwa moto. Alimtazama rafiki yake, na kinywa kikaanza kucheza upande mmoja.

"Mpumbavu wewe," alisema. "Mpumbavu mkubwa. Siku zote hizi umekaa na hilo tumboni? Ndiyo maana ulikuwa unakunywa chai yangu kama sumu!" Aliegemeza chuma ukutani, akachechemea kuizunguka meza, akanyoosha mkono. "Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo. Naapa. Watu kumi hawachukui Kombe. Lete mkono."

Amos aliushika kwa mikono miwili. Walikumbatiana, wakapigana migongoni, na Enoch alikuwa akicheka na kulia kama jana jukwaani.

"Na shemeji," alisema Amos, akijipangusa pua. "Enoch, shemeji nimemkosea. Shemeji, mimi..."

"Aa, acha! Shemeji yako anatujua sisi, hana neno." Enoch alijitupa kitini, akanyoosha mguu mbovu, akavuta sahani yake karibu. "Mke wangu, mbona umesimama? Kata keki, tule."

Mke wangu. Jina hilo hakumwita tangu Jumanne ile, na sasa lilimtoka hivi hivi, pamoja na keki.

Selina hakujua kwamba amesimama. Kisu kilikuwa mkononi mwake. Alikiweka mezani, sambamba na ukingo wa kitambaa, kwa uangalifu.

"Ninalo," alisema.

"Nini?"

"Neno. Umesema sina neno. Ninalo."

Enoch alitabasamu, akamtazama Amos kutafuta mwenzake wa kutabasamu naye. Amos alikuwa ameinamisha kichwa.

"Selina, yamekwisha," alisema Enoch. "Amesema mwenyewe. Sasa najua hukuwa wewe."

"Ulipodhani ni mimi, ulihama kitanda." Sauti yake ilikuwa kubwa. Iligonga kwenye vyombo, na yeye mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine, lakini haikurudi nyuma. "Umejua ni Amos, umempa mkono. Dakika moja haikupita. Kosa ni lile lile, Enoch. Goti ni lile lile. Yeye ni mpumbavu mkubwa, njoo nikukumbatie. Mimi nilikuwa nini? Nimefuma siku zote hizi naona visogo vya watu. Phoebe Sagar amenicheka mbele ya banda zima. Na wewe nilikuja kukwambia, hapo hapo ulipokaa, ukakunja gazeti."

"Sikusema ni wewe."

"Hukuniuliza kama ni mimi!"

Ng'ambo ya ukuta, kwa jirani, kinanda kilichokuwa kikipigwa nyimbo za Jumapili kilinyamaza.

Amos alianza kuinuka. "Mimi niende, niwaache..."

"Kaa, Amos," alisema Selina. "Wewe ulikaa nilipokuwa nasemwa. Kaa na sasa."

Akakaa.

Enoch aliutazama mlango, akaitazama keki, kisha ikawa hana pa kutazama tena isipokuwa kwa mkewe, na akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile. Selina alingoja mpaka akawa na hakika kwamba anaonwa.

"Unataka nini, Selina?" Enoch aliuliza, taratibu.

"Nataka uniombe radhi," alisema Selina. "Usingoje tubaki wawili. Hapa, mbele yake, kwa sauti, nami sikati keki mpaka nisikie."